Kinywaji Chekundu cha Damu

Kama uliambiwa una kansa, kisha korona ikakupata ukiwa katikati ya matibabu, na tangu ikuachie tumbo linakuchoma mpaka mgongoni, na unakunywa maji ndoo nzima kiu isikatike, acha kwanza kusoma. Nenda kituo chochote cha afya wakutoboe kidole, wakupime sukari. Ukirudi utanikuta hapa hapa.

Wengine tuendelee. Mimi si daktari. Ni mama wa soko hapa Kolwezi, nauza unga wa mahindi na samaki wakavu, na watu wananiita Mama Solange kwa jina la binti yangu wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu anaitwa Ilunga. Anafanya kazi upande wa Kingamyambo, mahali wanapoosha upya matope ya zamani ya shaba ili kutoa kilichobaki, na kazi yake ni kushika bomba la maji lenye nguvu ya kumwangusha ng'ombe. Mimi nina mdomo mkali na mkono mwepesi, sokoni wote wanajua. Nasema hivyo mapema kwa sababu katika habari hii neno langu moja lilimtoa mtu jicho, na mtu mwenyewe ndiye aliyekuwa akinihangaikia nisife.

Kansa yangu ilianza kwenye titi la kushoto. Niliushika uvimbe mara ya kwanza nikioga, vumbi la kiangazi likiwa limeninata mwilini baada ya kutwa nzima ya soko. Nikaupuuza. Nikaupuuza mpaka mvua za kwanza, chuchu ikaanza kuzama ndani. Daktari wa hapa Kolwezi aliugusa mara moja tu, akaandika barua ya kunituma Lubumbashi, na alipokuwa akiandika hakuniangalia usoni. Lubumbashi walilikata titi lote. Nilipozinduka niliuliza wamelipeleka wapi. Muuguzi akasema limeshachomwa pamoja na taka za chumba cha upasuaji. Nilimporomoshea matusi ya kilabuni yule dada, naye akayapokea yote huku akinifuta jasho. Titi lile lilimlea Solange, na wao wamelichoma pamoja na pamba chafu. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Kisha ikaja shimio. Ndivyo tunavyoiita hapa ile dawa ya kansa inayoingizwa kwenye mshipa, chupa baada ya chupa, wewe umekaa kitini tangu asubuhi. Nilitakiwa kuchukua sita. Ya kwanza ilininyoa. Nilikuwa nachana nywele, kitana kikatoka na fungu zima, nikakitupa ukutani. Ya pili ilizifanya kucha zangu nyeusi na mdomo ukajaa vidonda, hata bukari laini, ugali wetu, nilikuwa naimeza huku machozi yananitoka. Ya tatu ilinitupa chini kabisa.

Lakini nitawaambia habari ya chumba cha kungojea, kwa sababu hapo utakaa kuliko mahali pengine popote. Kilikuwa na viti vya plastiki na madirisha yasiyofunguka. Siku ya shimio ya kwanza nilikaa karibu na mama mmoja aliyetoka mbali, Dilolo, mpakani na Angola. Alinitazama kifua, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Weye ulikuwa unatiaka telefone mu sutien. Njo kansa inatokaka pale."

Eti simu ndani ya sidiria. Nilimzaba kofi. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Yule mama akashika shavu, akanitazama, kisha akainama na kutapika juu ya miguu yangu, maana naye alikuwa kwenye shimio ya nne. Nikajikuta nimemshika kichwa, nimeweka kiganja kwenye paji lake kama ninavyomfanyia Solange. Tangu siku hiyo tukawa tunawekeana kiti. Alikuwa ananiletea karanga za kuchemsha, nami namletea samaki, ingawa hakuna kati yetu aliyeweza kula.

Shimio ya nne ilikuwa iangukie mwisho wa mvua. Ndipo korona ilipoingia nchini na njia ya Lubumbashi ikafungwa. Mabasi yakakoma. Kampuni ya Ilunga ikawaambia wafanyakazi wake kwamba aliye ndani abaki ndani, wakalala kambini wiki baada ya wiki, na mimi namsikia mume wangu kwenye simu tu, akipiga kelele juu ya mlio wa pampu.

Siku ya shimio nilijaribu kwenda hivyo hivyo. Nilimpata mwenye gari akanichukua mpaka kizuizi cha polisi. Pale nilishuka, nikaonyesha karatasi za hospitali. Askari akazikataa. Damu ikanipanda. Nikafungua blauzi mbele ya watu wote na madereva wote wa malori, nikamwonyesha kovu.

"Angalia! Unafikiri naenda ku fete, kucheza ngoma? Angalia muzuri!"

Yule askari alikuwa na umri wa kutosha kuwa mdogo wangu. Aligeuza uso, akasema akiwa ametazama barabara, "Mama, jifunike. Mi banamipatia tu ordre, ni amri ya bakubwa. Rudia ku nyumba." Hakufungua kizuizi. Nilirudi nimevunjika, na njia nzima nilihesabu siku zinazopita bila dawa.

Wiki zile nilishika kwapa langu kila asubuhi. Siku moja nikakuta kitu humo, kigumu, kinateleza chini ya kidole. Sikumwambia mtu. Niliogopa, na nikiogopa mimi nakuwa mkali, kwa hiyo nilimgombeza Solange juu ya kila jambo, chumvi, ufagio, mlango, mpaka mtoto wa watu akawa anakaa shuleni hata siku ambazo shule imefungwa.

Korona yenyewe ilinikuta hospitalini, nilipokwenda kuomba hapa Kolwezi wanipe chochote badala ya shimio. Hawakuwa na chochote ila benchi lililojaa watu wanaokohoa. Baada ya siku chache nikaanza kuwaka. Kifua kilibanwa, pumzi ikawa ya kuiba. Solange alinikalisha kitako, akanipiga mgongo kwa viganja mpaka nikatapika makohozi, akanifokea nipumue. Nilipumua. Mwili uliokwisha pigwa na shimio ulipigwa tena na korona, lakini haukukubali kufa. Nilipoweza kutembea mpaka uani bila kushika ukuta, Solange alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa sauti, jirani wakaitikia amina kutoka upande wa pili wa ua.

Tulidhani imepita.

Wiki mbili tatu baadaye nikiwa napepeta maharagwe, kitu kilinichoma chini ya mbavu. Sijui niseme kisu au nini. Kiliingia kwa mbele, kikatokea mgongoni, na kikabaki humo. Nilianguka juu ya ungo. Nilitapika maji ya kijani, nikatapika tena pasipo kitu, nikajikunja kama mtoto tumboni maana hiyo ndiyo namna pekee maumivu yalipungua kidogo. Kituo cha afya wakasema vidonda vya tumbo, wakanipa dawa nyeupe ya kunywa. Maumivu yalichukua siku kadhaa kuondoka, yakaniachia udhaifu ambao hata shimio haikunipa.

Wakati huo huo kampuni ikawaruhusu wafanyakazi kurudi makwao, na Ilunga akaingia mlangoni na begi lake. Aliniacha na mashavu, akanikuta sina. Akatoka hapo hapo, na aliporudi alikuwa na chupa za grenadine, makopo ya maziwa mazito na nyanya ya kopo.

Kwa msomaji asiye wa huku nieleze. Kwetu Katanga, mtu aliyepungukiwa damu anachanganyiwa kinywaji chekundu. Grenadine, ile soda nyekundu tamu, unatia maziwa mazito ya kopo, unatia kijiko cha nyanya, wengine na yai bichi. Unakoroga mpaka kinakuwa na rangi ya damu yenyewe. Mama yangu alinipa nilipomzaa Solange. Wachimbaji wanapewa wakitolewa shimoni wamejeruhiwa. Hakuna nyumba isiyokijua, na hakuna aliyewahi kukitilia shaka.

Na sisi tulikuwa na sababu kubwa. Lubumbashi walituambia kwenye simu kwamba njia ikifunguliwa watanipima damu kwanza, na ikiwa chini hawanitii shimio. Kwa hiyo damu ilipaswa kupanda, na upesi, kabla kile kitu cha kwapani, ambacho bado nilikificha, hakijawa kikubwa. Ilunga aliichukua kazi hiyo kama anavyoshika bomba lake. Asubuhi kopo moja, adhuhuri moja, jioni moja.

"Kunwa, Mama Solange. Kunwa yote, usibakishe. Kama damu haina, bale ba Lubumbashi habatakutia dawa."

Nilikunywa. Kilikuwa kinateremka vizuri, maana kiu ilikuwa imenishika. Nikimaliza nataka kingine, naye anafurahi kuniona nakunywa. Nilikunywa na maji, nikanywa munkoyo wa jirani, ile togwa ya mizizi, nikaenda chooni, nikarudi nikanywa tena. Nyama za mapaja zilikwisha. Pete ya ndoa ilidondoka ndani ya beseni. Macho yakawa na ukungu, miguu ikawa inachomwa sindano. Kadiri nilivyokauka ndivyo Ilunga alivyozidi kukoroga. Aliongeza maziwa. Aliongeza sukari juu, kwa mapenzi.

Nilipokuwa siwezi tena kufika chooni nilijisaidia kwenye kona ya ua, nyuma ya jiko. Solange ndiye aliyewaona sisimizi. Mstari mzima ulitoka ukutani ukaenda kujaa pale nilipokojoa, weusi, wanene, wanapandiana. Alimwaga maji ya moto. Kesho yake wamerudi.

Siku hiyo kaka zangu wawili walikuja kunijulia hali. Kabwe ni mkubwa wangu, ananunua mawe ya shaba kwa wachimbaji. Mwepu ni mdogo wangu, alikuwa mchimbaji mpaka shimo likamwangukia mguu. Wote wawili wana mikono kama yangu. Kabwe alikwenda nyuma ya jiko kunawa, akakaa huko muda, akarudi uso umebadilika.

"Juu ya nini badudu banafwata mukojo yake?" alimuuliza Solange. "Mutu muzima, hana sumu, badudu habamufwatake."

Mwepu akasema polepole, "Tangu bwana yake alirudiaka, njo yeye anakauka. Mbele hakukuwaka vile. Hata korona alishindaka."

Wakaingia chumbani, wakainama juu yangu. Kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kuchanganyikiwa. Niliwaona wanne badala ya wawili. Kabwe akaniuliza, "Dada, sema. Nani anakufanya hivi? Unakunwa nini?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema nina kiu. Nilisema:

"Ni ile kintu Ilunga ananinywesha. Anataka aniue."

Sitajitetea kwamba ni homa ilisema. Kulikuwa na homa, ndiyo, na akili ilikuwa imekwenda nusu. Lakini mahali fulani ndani yangu nilikuwa nimeshaanza kumchukia. Yeye mzima, mimi naoza. Yeye analala, mimi nakojoa. Hasira ilikuwa inatafuta mtu wa kumshika, na ikamshika aliyekuwa karibu.

Walitoka, wakamwendea Ilunga. Kilichofuata nilikisikia zaidi ya kukiona, maana mlango wa chumba ulibaki wazi lakini shingo haikuweza kugeuka. Nilisikia kopo likianguka kwenye saruji. Nikasikia Kabwe, "Kunwa weye! Kama ni dawa, kunwa weye!" Nikamsikia Ilunga akimwita kaka, "Yaya, ngoja nielezee..." Kisha pigo. Mwepu alikuwa ameshika mchi wa kinu changu, ule ninaotwangia sombe, majani ya muhogo. Mchi ukigonga mfupa unatoa mlio ambao hutausahau. Walimpiga mbavu, walimpiga mikono alipoinua kujikinga, walimpiga uso. Aliangukia kwenye lile dimbwi jekundu, na Solange baadaye aliniambia hakuweza kujua ipi ni grenadine na ipi ni damu. Ilunga ana nguvu kuwashinda wote wawili. Hakurudisha hata ngumi moja. Hakukimbia, na lango lilikuwa wazi. Solange aliwarukia wajomba zake, akamng'ata Kabwe begani mpaka akamwachia.

Walipochoka kumpiga walinibeba mimi. Walikuwa na gari la Kabwe na mpango wao. Kulikuwa na mganga wa miti shamba upande wa Tenke anayesifika kwa kutapisha sumu. Walinilaza kiti cha nyuma. Gari likawashwa, halafu halikwenda. Solange alikuwa amelala chali mbele ya magurudumu, na nguo yake nzuri ya kufundishia.

"Kama ni hospitali, naamuka!" alipiga kelele. "Kama ni kwa munganga wa miti, mupite juu yangu! Mupite! Mutanizika na mama siku moja!"

Kabwe aliguruma injini. Alisogeza gari kidogo. Mtoto wangu hakusogea. Jirani wakaanza kujaa, na kina mama wakaanza kumzomea Kabwe. Mwisho akapiga usukani kwa ngumi, akasema, "Amuka. Tunaenda ku hospitali. Na ule muuaji bamuweke nyuma, polisi bamuone." Hivyo ndivyo tulivyokwenda, mimi ndani, Ilunga nyuma pa wazi pa mizigo anavuja damu, Solange amemlaza kichwa mapajani.

Muuguzi aliyetupokea aliitwa Mama Ndaya, mwanamke mfupi asiye na mchezo. Alinitoboa kidole kabla hata sijalazwa vizuri. Kile kipimo kidogo kikakataa kuandika tarakimu, kikaandika tu kwamba imepita kiasi. Akatoboa kidole kingine, jibu lile lile.

"Anakulaka nini?" akauliza.

"Hakule," Kabwe akajibu. "Anapewa sumu."

"Sumu gani?"

"Grenadine na maziwa ya kopo na tomate. Asubui, midi, mangaribi. Bwana yake mwenyewe njo anamunywesha. Na badudu banafwata mukojo."

Mama Ndaya aliweka kipimo chini. "Badudu banafwata mukojo juu iko na sukari! Mwili yake imejaa sukari, na munamuongezea sukari, kopo tatu kila siku! Hapana sumu hapa, yaya. Hata weye ungemupatia. Hata miye, mama yangu alinipatiaka." Kisha akamwona Ilunga kwenye kitanda cha magurudumu, uso umefungwa kanga iliyolowa. "Na ule, nani alimufanya vile?"

Kabwe aligeuka akapiga ukuta ngumi, ukuta wa saruji, na vidole viwili vikavunjika. Walimfungia bandeji kwenye chumba kile kile.

Daktari alinieleza siku tatu baadaye, nilipoweza kumwona akiwa mmoja. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinaitwa kongosho, yeye alikiita pankreasi. Nilikuwa nimeishi nacho miaka yote bila kujua ninacho. Alisema yale maumivu ya kisu yalitoka hapo, kwamba korona kwa watu wengine haiishii kifuani, na kwangu wanadhani ilipita huko ikakivunja, na kikivunjika sukari haina wa kuizuia. Alisema pia kwamba shimio haiwezi kuanza mpaka sukari ishuke. Nilimshika mkono nikaupeleka kwapani, akabonyeza, akaandika kitu bila kuniangalia usoni. Nilielewa.

Ilunga alikuja kitandani kwangu siku ya nne, amejishikilia ukutani. Jicho la kulia madaktari walikuwa wamelitoa. Taya lilikuwa limefungwa, hakuweza kusema vizuri. Nilingoja anitemee mate, na ningemwelewa. Akauliza kupitia meno, "Sukari inafika ngapi leo?"

Nililia mpaka Mama Ndaya akamfukuza.

Kaka zangu walileta mbuzi, wakaja na wazee wa ukoo wetu, wakapiga magoti mbele ya ndugu za Ilunga. Kabwe alisema, "Ni sisi bawili. Tuliona badudu, tukajidanganya. Shemeki, utusamehe." Hawakutaja neno langu. Walilibeba wao, kwa kunilinda, na Ilunga akaupokea mkono wa kila mmoja. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye mkeka, nimejifunika kitenge, na sikufungua mdomo. Hiyo ndiyo aibu kubwa ya maisha yangu, kuliko kuvua blauzi barabarani.

Njia ilipofunguliwa kulikuwa na baridi kali ya asubuhi, ile ya kati ya mwaka, moshi wa mashamba yanayochomwa ukiwa umetanda. Ilunga ndiye aliyenisindikiza Lubumbashi. Nimekuwa na sindano za insulini, dawa ya kushusha sukari, tangu hapo. Zinataka ubaridi, na umeme wa kwetu mnaujua, kwa hiyo Ilunga alizika chungu ndani ya mchanga kwenye kivuli, akawa anaumwagilia mchanga maji kila siku, na dawa ikakaa humo bila kuharibika. Fanyeni hivyo, inasaidia. Jueni pia kwamba siku mbili tatu baada ya shimio sukari yangu ilikuwa inaruka juu hata bila kula kitu, kwa hiyo mwambieni daktari wa kansa kuhusu sukari, na daktari wa sukari kuhusu kansa, kwa sababu wao wenyewe kwa wenyewe hawazungumzi. Na mkitaka kuongeza damu, kuna matembele na maharagwe. Kile chekundu kiacheni mpaka mtoboe kidole.

Chumba cha kungojea kilikuwa kile kile, lakini viti vingi vilikuwa vitupu. Nilimuuliza muuguzi habari za mama wa Dilolo. Akaangalia daftari, akageuza ukurasa, akalifunga. Njia ilifungwa kwake kama ilivyofungwa kwangu, ila kwake ilikuwa ndefu zaidi. Nilikaa kwenye kiti chake. Kofi lile niliona haya kulikumbuka, na bado nalikumbuka.

Nilichukua ya nne, ya tano, ya sita, na wakaongeza mbili kwa sababu ya ule uvimbe wa kwapani. Ilunga alishika beseni kila mara. Jicho moja lilimfanya akose mahali, mara nyingine natapika juu ya viatu vyake. Alinitoboa kidole, aliandika tarakimu kwenye daftari la Solange. Aliongea nami kwa upole, kila siku kwa upole ule ule, na watu wote walinisifia kwa kuwa na mume wa namna hiyo. Mimi upole ule ulikuwa unanichinja. Kila nikitaka kumwambia, nafikiria, ataniacha na beseni mkononi, na sina mwingine wa kunifikisha Lubumbashi. Ndiyo, nilinyamaza kwa faida yangu. Naandika ukweli.

Siku ya majibu ya mwisho daktari alipitisha mkono kwapani, akatazama picha mara mbili, akasema haoni kitu, nirudi mvua zikiisha. Tulirudi Kolwezi. Kesho yake asubuhi tulikuwa jikoni, Ilunga ameshika birika anataka kunimiminia chai isiyo na sukari. Nikasema sasa.

"Tata Solange, bwana yangu. Siku ile bayaya habakujidanganya bao peke yao. Ni miye nilisema. Nilisema unataka uniue."

Hakugeuka. "Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Nilikuwa ku mulango. Na kopo mu mukono. Njo maana sikukimbia. Ningekimbia, ungeamini kabisa."

Nilikaa juu ya gunia la unga. "Na ukanyamaza? Miezi hii yote? Ukashika beseni?"

"Ulikuwa unakufwa. Mutu anakufwa, hamumukasirikiake." Aliniangalia kwa lile jicho lake lililobaki. "Munganga wa Lubumbashi alisema nini jana? Sema tena."

"Alisema haone kitu."

"Hakuna kitu?"

"Hakuna."

"Bon, muzuri," alisema Ilunga.

Akalivurumisha birika ukutani. Chai ya moto ikaruka mpaka darini. Alipiga teke meza, sahani zote zikaenda chini, akakamata kinu changu akakitupa nje kikavunja nusu ya ua. "Jicho yangu, Beatrisi!" Hakuwahi kuniita jina langu la ubatizo tangu tuoane. "Jicho yangu! Nilikorogea weye, nilionja miye kwanza kama iko muzuri, na weye unasema nakuua! Muke gani weye? Nyoka! Mudomo ya nyoka!" Hakunigusa, lakini alinitukana mimi, na mdomo wangu, na kaka zangu wote wawili, na mchi, na siku aliyokuja kwetu kuposa. Sauti yake ilifika barabarani. Tangu siku ya barua ya Lubumbashi kila mtu alikuwa ananisemesha kwa sauti ile wanayotumia penye msiba, Solange, kaka zangu, hata wateja wangu. Nilikuwa nimesahau kufokewa kunafananaje. Nilisimama katikati ya vigae vya sahani, chai imenilowesha kitenge, na kila tusi nililipokea lote.

Jirani yetu alichungulia pale ua ulipovunjika, mikono kichwani.

"Mama Solange! Niite batu? Atakuua!"

"Muache agombe, mama," nilimwambia. "Anaona sitakufwa tena."